Sauti ya Nne Kwenye Benchi la Nyuma

Sikio langu la kulia lilistaafu kabla yangu. Daktari wa Bukavu, baada ya kunifungia katika kijumba kisichopitisha sauti, alinieleza kwa upole kwamba sauti za juu ndizo huondoka kwanza, kisha za kati, na kwamba za chini hukaa sana. Akauliza kazi yangu. Nilipomjibu kuwa ni mwalimu wa kwaya, aliandika kwenye karatasi yake kwa muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji. Nina miaka hamsini na minne. Mwezi uliopita nilimkabidhi Furaha, anayeishika kwaya baada yangu, diapazoni yangu, kile chuma chenye meno mawili kinachotoa sauti moja tu, na sasa walimu wa kwaya wa Baraka, wa Fizi na wa vijiji vya kando ya ziwa wameniomba niwaandikie mambo ya kazi. Vyeo sitavitaja. Mwalimu wa kwaya katika kanisa letu ana cheo kimoja, nacho ni kufika kabla ya wengine na kutafuta aliye na ufunguo.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na bado nilikuwa na tabia ya kusimama kama mtu anayepigwa picha. Niliandika wimbo ubaoni kwa nota za solfa, sauti zote nne, nikaanza kufundisha sauti ya kwanza, kama nilivyoona kila mahali. Kutoka safu ya mwisho, mahali pa besi, ile sauti ya nne ya chini kabisa, akainuka mwanamume mmoja mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa Mzee Asukulu, seremala na mzee wa kanisa, ambaye aliishika kwaya ile miaka yote ya ukimbizi ng'ambo ya ziwa, akiandika solfa kwenye karatasi za mifuko ya saruji.

"Mwalimu," akasema, "mi ni seremala tu. Lakini sijaonaka nyumba ambayo banaanza na mabati."

Kwaya ikacheka. Mimi sikucheka. Kwa majuma mawili niliendelea kuanza na mabati, na kila wimbo ulimalizika chini ya pale ulipoanzia, mama zetu wa sauti ya kwanza wakiwa wamechoka na mimi nikiwa nimekasirika. Juma la tatu nilianza na sauti ya nne, bila kumtaja aliyenishauri. Wimbo ukasimama. Hadi leo nawaambieni hivyo hivyo: fundisheni besi kwanza, muwape wao peke yao sauti ya diapazoni, na wengine wajenge juu yao.

Baada ya hapo nilikuwa nikienda kwenye karakana yake, si mbali na soko la Baraka, kila Jumatano mchana. Hakuwahi kusoma muziki mahali popote, lakini alikuwa na namna ya kupima besi ambayo sikuikuta katika kitabu chochote. Aliweka kiganja kwenye ubao, akaimba. "Sikio inadanganyika," alisema. "Ubao haidanganyiki. Besi ikiwa sawa, ubao inatetemeka. Gusa." Niligusa. Ulikuwa ukitetemeka kama tumbo la paka. Nimeitumia mbinu hiyo kwenye mabenchi ya makanisa mengi, na mara moja kwenye mlango wa lori lililokwama matopeni, tulipokuwa hatuna kazi nyingine.

Mabenchi yote ya kanisa letu aliyatengeneza yeye. La mwisho kabisa, lililo karibu na mlango, lilikuwa fupi na halikuwa na egemeo, kwa sababu mbao zilimwishia. Kwa desturi yetu, aliyetengwa haketi na kwaya wala hashiriki Meza ya Bwana. Huketi kwenye benchi hilo mpaka atubu na kurudishwa. Nadhani tulilichagua kwa ajili hiyo kwa sababu liliumiza mgongo.

Mzee Asukulu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Ebunga, aliyetupigia gitaa. Ebunga hakusoma solfa. Alisikiliza wimbo mara moja, akainamisha kichwa, akaupiga. Mimi niliyekuwa na shahada nilihitaji jioni mbili na kifutio. Ninaandika hili mapema ili msomaji ajue nilivyokuwa ndani, kwa maana wakati ule mimi mwenyewe nilijifanya sijui.

Ebunga alipofika miaka ishirini na miwili alikwenda Lulimba kuchimba dhahabu, kama vijana wengi. Baada ya miezi kadhaa, mfanyabiashara wa vitenge alileta habari kwamba amemwona akipiga gitaa katika baa, na watu wakicheza. Wakati huo nilikuwa pia mwandishi wa kamati ya nidhamu. Mwandiko mzuri umeniponza zaidi ya mara moja. Kanuni ya kanisa letu ilikuwa wazi na ni ya Maandiko yenyewe: ndugu akikosa, kwanza anaendewa na mtu mmoja, faraghani, kisha na watu wawili, ndipo jina lake lisomwe mbele ya kanisa. Nilipangiwa niende. Sikuenda. Barabara ilikuwa mbaya, na habari za watu wenye silaha zilikuwapo, kama zilivyo karibu kila mwaka. Sababu hizo zilikuwa za kweli, lakini hazikuwa sababu yangu.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua barua ya zamani ya kumtenga mtu mwingine, nikainakili, nikabadilisha jina. Barua ilisema: "Baada ya kuonywa mara mbili, na kwa kauli moja ya wazee wote wa kanisa." Ndivyo barua zetu zote zilivyosema. Ebunga hakuwa ameonywa hata mara moja. Na siku kamati ilipokaa, mzee mmoja hakuwapo: Asukulu alikuwa Fizi, juu mlimani, akitia milango ya shule. Nakala moja niliipeleka Lulimba kwa mkono wa yule yule mfanyabiashara. Nyingine niliisoma Jumapili.

Nilipomaliza kusoma, Mzee Asukulu, ambaye alirudi kutoka Fizi jana yake na hakuna aliyemwambia neno, alifunga daftari lake la nyimbo. Alitoka safu ya besi, akapita katikati ya kanisa, akaketi kwenye benchi la nyuma. Kofia yake akaiweka kando yake, mahali pa mtu mmoja. Baada ya ibada nikamfuata.

"Papa, wewe haukutengwa. Rudi mahali pako."

"Ulienda kumuona?"

"Papa, njia ilikuwa..."

"Nakuuliza neno moja, Mwalimu. Ulienda?"

"Hapana, papa."

"Basi." Akachukua kofia yake. "Mutoto wangu akiwa inje, mi nitaimba ndani namna gani? Nitakaa hapa. Siku mutu ataenda, mutanikuta."

Alikaa miaka tisa. Hakukosa Jumapili ila moja au mbili za malaria. Hakusema vibaya juu yangu, wala hakuimba. Kofia ilikaa kando yake kila ibada, na wageni waliotaka kuketi pale aliwaelekeza kwingine kwa heshima. Mwanzoni alikwenda Lulimba mwenyewe, akakuta Ebunga amehamia machimbo mengine, akarudi na mguu uliovimba ambao haukupona sawasawa. Tangu hapo alituma salamu kwa wasafiri. Majibu hayakuja. Watu walipomshauri amwambie mtoto kwamba baba yake ameketi kwenye benchi la waliotengwa, alikataa. "Nikimuambia, atarudi juu ya kunihurumia," alisema. "Nataka arudi juu yake mwenyewe."

Mwaka wa tatu alikuja Jumamosi moja na randa na misumari, akalitia benchi lile egemeo. Kamati ilikaa kujadili kama aliyetengwa ana haki ya kuegemea. Mjadala ulichukua mchana mzima. Tuliafikiana kwamba, kwa kuwa Mzee Asukulu hakutengwa, egemeo ni lake, na kwamba wengine watakaokaa pale watalitumia kwa kiasi. Niliandika maneno hayo katika kitabu cha kamati kwa mwandiko wangu mzuri.

Kazi haikusimama. Nilifundisha kwaya Makobola, ambako mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, nyimbo za kulilia batu benye balikufa tuko nazo mingi. Tufundishe ya mavuno," nami nikatupa programu yangu yote niliyokuwa nimeandaa. Nilifundisha Fizi, ambako ukungu huingia ndani ya jengo na watu huimba wakiwa wamejifunika. Huko kote nilisifiwa. Nyumbani, kwaya yangu ilishuka. Vijana niliowaweka kwenye sauti ya nne walikuwa wazuri, lakini walisikilizana kwa woga, na kila wimbo ulimalizika chini ya pale ulipoanzia. Nilinunua diapazoni mpya. Ilitoa sauti ile ile.

Mwaka wa tisa, kamati ilinipa jina la msichana wa sauti ya pili aliyepata mimba kabla ya ndoa. Alikuwa Furaha, aliyekuwa na miaka ishirini. Nilitoa barua ya zamani ili ninakili, na mkono wangu ukaandika "Baada ya kuonywa mara mbili" kabla akili haijafika. Nikaiangalia sentensi ile. Kisha nikafunika kalamu, nikaenda kwao. Nilimkuta anaanika dagaa. Hakunipa kiti.

"Mwalimu, umetumwa ao umekuja?"

Nilisema nimekuja. Akaleta kiti. Tulizungumza, na mengi ya yale aliyonieleza hayakuwa katika taarifa ya kamati. Barua ile haikumalizwa kamwe. Nilipokuwa narudi nyumbani, nilijua kwamba kama nimeweza kwenda nyumba ya tatu kutoka kwangu, sina tena neno la kusema kuhusu Lulimba.

Nilikwenda kwa pikipiki, siku mbili. Ebunga alikuwa amesharudi Lulimba; nilimkuta kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio na magitaa, amenenepa kidogo, na binti wa miaka mitano amekaa juu ya meza ya kazi. Alinitambua mara moja. Hakuinuka.

"Mwalimu," alisema, akiendelea kukaza waya. "Najua njia ya Lulimba ni mubaya. Lakini haikamatake miaka tisa."

Nilimwambia kwamba nimekuja kufanya ziara niliyopaswa kuifanya kabla ya barua. Nikasema nilinakili, nikasema aliandikwa kuwa ameonywa na hakuonywa, na nikasema kwa nini: nilimwonea wivu. Alisikiliza bila kunisaidia. Kisha akafungua droo, akatoa bahasha ya plastiki, na ndani yake barua yangu, imekunjwa vizuri kuliko vyeti vyangu.

"Kwa baa nilipiga miezi tatu," akasema. "Ni kweli. Ni hiyo ilikuwa inanipa kula. Kisha nikaacha, hakuna mutu aliniambia. Hiyo haikuniuma sana." Kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja. "Soma hapa."

Nikasoma. "Na kwa kauli moja ya wazee wote wa kanisa."

"Papa yangu ni mzee wa kanisa."

Nilihitaji muda kuelewa. Kwa miaka tisa nilidhani nimemkosea kwa kumtenga. Kumbe maneno niliyoyanakili bila kuyafikiri ndiyo yalimwambia kwamba baba yake alinyosha mkono pamoja nasi.

"Hakuwapo," nikasema. "Siku hiyo alikuwa Fizi, anatia milango ya shule. Hakuna aliyemuuliza."

Waya ulimtoka mkononi. "Batu bananiletea salamu zake," akasema polepole. "Miaka yote. Nami nasema: mutu amenifukuza, ananisalimia juu ya nini?" Akauokota waya. "Anakaa wapi sasa kanisani? Bado kwa besi?"

Nilikumbuka katazo la Mzee. Lakini sikutaka barua nyingine ya uongo kati yao, hata ya kunyamaza. Nikamweleza juu ya benchi, kofia na egemeo.

"Ile benchi?" akasema Ebunga. "Mbao yake nilipiga randa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilikata mufupi, papa akasema si kitu, tutaiweka nyuma." Akageuka ukutani, na binti yake akashuka mezani kwenda kumshika mguu. Baadaye mkewe alileta bugali na samaki. Nilimwomba Ebunga msamaha kabla ya kunawa. Alinisogezea sahani.

"Kula kwanza, Mwalimu. Mambo ya musamaha isinikimbize."

Baada ya kula alinipa karatasi, nikaandika pale pale barua ya kuifuta ile ya kwanza, nikaitia sahihi, nikamnyoshea. Akaisukuma nyuma. "Hiyo si yangu. Ukaisome kule kwenye ulisoma ingine."

Mchungaji wetu alisita. Alisema inatosha kurekebisha kitabu kimyakimya, kwa ajili ya heshima ya kwaya. Nilimjibu kwamba jina la Ebunga halikusomwa kimyakimya. Jumapili iliyofuata nilisimama mahali nilipowahi kusimama, nikasoma barua. Nikasoma pia jina langu, kwamba nimeshuhudia uongo dhidi ya ndugu, na kwamba ninajitenga na uongozi wa kwaya kwa miezi mitatu. Kisha nikapita katikati ya kanisa. Ni mbali kuliko inavyoonekana kutoka mbele. Nilipofika, nilitaka kuketi pale penye kofia.

"Hapa ni pa Ebunga," Mzee Asukulu akasema. "Kaa ile ingine ngambo. Egemeo inafika."

Nikakaa. Egemeo lilifika. Mbele yetu Furaha, aliyekuwa akiusoma wimbo vizuri kuliko msaidizi wangu, alisimama kuiongoza kwaya na tumbo lake la miezi saba, na wazee wakatazama dari.

"Amekula nini?" Mzee akaninong'oneza katikati ya mahubiri.

"Nani?"

"Mutoto wangu. Siku ulienda. Alikula nini?"

"Bugali na samaki, papa."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Hakuniuliza swali lingine siku hiyo.

Jumapili ya sita mlango ulifunguka nyuma yetu wakati kwaya inaanza wimbo wa pili. Sikugeuka, niliona kwanza mkono wa Mzee ukienda kwenye kofia, ukaiondoa, ukaiweka juu ya goti. Ebunga akaketi pale, na vumbi la barabara hadi kwenye nywele, binti yake mapajani. Hawakukumbatiana. Baba alimtazama mtoto mdogo, akamwambia, "We ni wa kwangu," kama mtu anayesoma lebo. Kisha sauti ya nne ilipopaswa kuingia, vijana wa mbele wakaingia kwa woga wao wa kawaida, naye Mzee Asukulu akaimba.

Kiganja changu kilikuwa juu ya benchi, nami sikukiweka pale kwa makusudi. Ubao ulitetemeka. Kwenye mstari wa pili ulitetemeka zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wawili. Kwaya nzima iligeuza vichwa, kosa ambalo nimelikataza miaka yote, na Furaha hakulikataza. Wimbo ulimalizika palepale ulipoanzia.

Ebunga hakupiga magoti, wala mchungaji hakumwambia apige. Alisimama akasema, "Nilipiga gitaa kwa baa. Mungu alijua, sasa na ninyi mumejua," akaketi. Hajawahi kuniambia neno "nimekusamehe", nami nimejifunza kutomwomba alitamke. Baada ya ibada alinijia akasema, "Mwalimu, magitaa ya kanisa iko na nyuzi za mwaka gani?" na Jumatano akazileta mpya. Nilipomaliza miezi yangu na kurudi kazini, nilimwita Mzee Asukulu arudi safu ya besi. Alikataa.

"Nimeshazoea egemeo," alisema.

Ndiyo sababu, ninyi mnaotutembelea, mnakuta kanisa letu lina besi mbili nyuma karibu na mlango, na mnadhani ni mtindo. Kwa waliotengwa hatuna tena benchi, kwa kuwa lile limejaa, na kamati bado haijapata muda wa kujadili lingine. Anayekosa huendewa nyumbani. Siku hizi barabara ni mbaya vilevile.

Jumapili yangu ya mwisho nilimpa Furaha diapazoni mbele ya wote, naye akaigonga gotini na kuwapa besi kwanza, kama inavyotakiwa. Mimi nilikwenda nyuma. Mzee Asukulu, ambaye sasa huletwa kwa pikipiki ya mjukuu, alisogea. Ebunga akaniachia upande ule ule. Sauti ya kwanza sikuisikia kabisa. Niliona midomo ya mama zetu ikifunguka na kufungwa, kama samaki kwenye ndoo. Sauti ya pili ilikuja na kukatika. Nikaweka kiganja kwenye ubao, na wote wawili walikuwapo, baba na mwana, wala sikuweza kujua ni yupi ni yupi.